Vibarua wageni wa mkonge na jua la kaskazi: tuwapangieje kazi wiki ya kwanza?

Msimamizi wa Muheza (swali)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Ninasimamia kikosi cha wakata mkonge upande wa Muheza, na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu wa kazi za juani, hasa matabibu na maofisa usalama waliomo humu. Kila mwaka baada ya sikukuu za Desemba tunapokea vibarua wapya, na wengi wao hushuka kutoka Lushoto na vijiji vingine vya milimani ambako mtu hujifunika blanketi hata mwezi wa pili. Hufika wakiwa na nguvu na shida ya fedha, hupewa kisu na mabuti, na siku hiyo hiyo huingia kwenye mistari pamoja na watu waliozaliwa na kukulia katika joto la pwani. Malipo yetu ni ya kipande, kwa hiyo mgeni hujitahidi alingane na mwenyeji tangu asubuhi ya kwanza.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyekuwa na siku ya tatu kazini alikata vizuri tangu alfajiri. Ilipofika kama saa nne na nusu, mwenzake wa mstari wa pili aliona kwamba ameanza kukata majani ya moyo wa mmea, yale machanga yaliyosimama katikati, ambayo hakuna mkataji anayeyagusa kwa sababu mmea hufa. Alipoulizwa anafanya nini alijibu maneno yasiyohusiana na swali, kisha akapiga magoti. Alikuwa amelowa jasho mwili mzima. Wengine walisema ni malaria imempanda kichwani, wengine walidhani amekunywa gongo. Tulimlaza kwenye kivuli cha tela lililokuwa likisubiri kupeleka majani korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, tukammwagia maji yote tuliyokuwa nayo, na baada ya muda akili ikamrejea. Zahanati walimpima malaria wakaona hana, wakampa dawa ya kutuliza homa na kumruhusu. Sasa anataka kurudi kazini Jumatatu.

Ninayotaka kujua ni haya: mgeni apangiwe kazi namna gani siku zake za mwanzo ilhali malipo ni ya kipande, tufanye nini mtu anapoanguka mahali ambapo gari huchukua zaidi ya nusu saa kufika, na tufanyeje katika Ramadhani, ambayo kwa miaka hii imeangukia humu humu ndani ya kaskazi.

Tabibu, Tanga mjini

Wa alaykum salaam, ndugu msimamizi. Nianze na kijana wako, kwa kuwa hilo la kukata majani ya moyo lina uzito kuliko mengine yote uliyoyataja.

Joto humdhuru mfanyakazi kwa ngazi. Kuna misuli kukaza, hasa ya mapaja na tumbo, kwa mtu aliyetoka jasho jingi. Kuna uchovu wa joto, ambao huja na kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma na mapigo ya moyo kwenda mbio, lakini mgonjwa bado anajijua, anajua yuko wapi na anakujibu sawasawa. Halafu kuna kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili hufika nyuzi 40 au kuzidi na ubongo huanza kuharibikiwa. Mpaka kati ya ngazi ya pili na ya tatu ni akili. Mtu anayejibu ovyo, anayegombana bila sababu, anayeyumba kama mlevi, au anayefanya kosa katika kazi anayoijua vizuri, mhesabu kuwa ana kiharusi cha joto hata kama huna kipimajoto, na uanze kumpoza dakika ile ile. Watu wengi hufundishwa kwamba ngozi lazima iwe kavu, na hilo limegharimu maisha, kwa sababu mtu aliyepatwa akiwa kazini mara nyingi bado anatiririkwa na jasho kama kijana wako.

Kanuni ni kumpoza kwanza, ndipo asafirishwe. Gari likichukua nusu saa na mgonjwa amekaa tu akilisubiri, nusu saa hiyo ndiyo inayoua, kwa kuwa lengo ni kulishusha joto la mwili chini ya nyuzi 39 ndani ya muda huo huo. Kinachofaa zaidi ni kumzamisha mwili hadi shingoni katika maji baridi, na shambani hili linawezekana kwa turubai. Mlazeni mgonjwa katikati ya turubai, watu wanne au zaidi washike kingo na kuziinua ili liwe kama hodhi, mmoja akishikilia kichwa kisizame, kisha mimineni madumu manne au matano ya lita 20 na kuyakoroga maji yasitulie kwenye ngozi. Ukipata barafu, hata ile ya kuhifadhia samaki, itie humo. Maji yasiyo baridi yanafaa pia. Usiache kuyatumia kwa kuwa hayakutoka kwenye friji. Kama hakuna turubai, mvue mabuti na nguo nzito, mfunike kwa khanga zilizoloweshwa, zibadilisheni kila zinapopata joto, na mtu mwingine ampepee bila kukoma. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui, na akitapika alazwe ubavu.

Dawa za kushusha homa hazisaidii hapa, kwa sababu homa ya malaria na joto hili ni vitu viwili. Katika homa ubongo wenyewe umeamua kupandisha joto, na dawa huubadilishia uamuzi huo. Katika kiharusi cha joto ubongo haukuamua chochote, mwili umezidiwa tu na moto unaoutengeneza na kuupokea. Siwalaumu zahanati kwa kupima malaria, kwa kuwa katika mkoa wetu lazima ipimwe. Kosa liko katika kungoja majibu kabla ya kummwagia mgonjwa maji, na katika kudhani kwamba kipimo kikionyesha hana malaria basi hana jambo.

Niongeze kwa nini pwani ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza linapokauka. Januari na Februari hewa ya Tanga imejaa unyevunyevu, na jasho linalodondoka kutoka kidevuni hadi kwenye jani la mkonge limepotea bure, maji na chumvi vimetoka na mwili haukupoa. Tena sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia mkataji, kama robo tatu, hugeuka joto ndani ya misuli. Kwa hiyo anapigwa na jua kwa nje, anachemka kwa ndani, na amevaa nguo ndefu na mabuti kwa ajili ya miiba.

Afisa usalama kazini

Namshukuru tabibu, na nitajibu upande wa kupanga kazi, kwa maana hapo ndipo vifo huzuiwa.

Kwanza, usiamini kipimo cha joto cha kivulini peke yake. Ukisikia redioni kwamba Tanga leo ni nyuzi 32, hiyo ni ya hewa tu, kivulini. Wataalamu wa afya kazini hutumia kipimo kiitwacho WBGT, ambacho huchanganya mambo matatu: kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, ambacho huonyesha kama jasho linaweza kukauka, na hiki hubeba asilimia 70 ya hesabu, tufe jeusi linalopokea mwako wa jua, asilimia 20, na hewa ya kawaida, asilimia 10 tu. Tazama jinsi unyevunyevu ulivyopewa uzito kuliko vyote. Qatar, baada ya vifo vya wajenzi kulalamikiwa dunia nzima, waliweka kanuni mwaka 2021 ya kusimamisha kazi zote za nje kipimo hicho kinapozidi 32.1, na mbali na hapo hakuna kazi ya juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Nchi ile ni tajiri na inajenga kwa haraka, na bado imewezekana.

Pili, swali lako la wageni ndilo kiini cha jambo zima. Wachunguzi wa vifo vya joto kazini nchini Marekani wamekuta mara kwa mara kwamba wengi wa waliokufa walikuwa katika siku zao chache za kwanza, na wengine siku ya kwanza kabisa. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema na kutoka kwa wingi likiwa na chumvi kidogo, moyo hupiga polepole kwa kazi ile ile. Mtu wa Lushoto hana hata kimoja katika hivyo anapofika, na nguvu za ujana hazivileti. Mpango unaotumika sana humpa mgeni asilimia 20 ya kazi kamili siku ya kwanza, 40 siku ya pili, 60 ya tatu, 80 ya nne, na ya tano ndipo afanye kama wenzake. Mwenyeji aliyekaa nje ya kazi wiki moja au zaidi, kwa mfano aliyekwenda msibani au aliyekuwa mgonjwa, huanza na 50, kisha 60, 80 na 100, kwa sababu mazoea hayo hupotea haraka.

Tatu, sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, na maji safi ya kunywa ni sehemu ya wajibu huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Lakini kwa mkata mkonge wa mwezi wa pili saa tano mfululizo ni nyingi mno. California, ambako sheria ya joto ya mashambani ilianza 2005, joto likifika kama nyuzi 35 wafanyakazi wa mashamba lazima wapumzike dakika 10 kila baada ya saa mbili, na kivuli kinatakiwa kiwepo kuanzia nyuzi 27 tu. Tukio la kijana wako nalo liandikwe na kuripotiwa kama ajali nyingine yoyote ya kazini, maana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haujaanzishwa kwa ajili ya vidole vilivyokatwa pekee.

Mkandarasi

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na sipingi kwamba joto ni hatari. Ninachouliza ni nani atalipa. Mimi huleta watu wa kupalilia na kukata kwa mkataba, na bei yangu imefungwa kwa tani. Mgeni akikata asilimia 20 atalipwa asilimia 20, na kesho yake hutamwona hapo, atakwenda shamba la jirani ambako hakuna anayemzuia. Wazee wetu waliletwa hapa kutoka mbali, wakaukata mkonge huu tangu enzi za Wajerumani, na hawakuwa na asilimia wala turubai.

Afisa usalama kazini

Swali lako ni la haki, kaka, na nitalijibu kwa hesabu. Siku nne za mwanzo mgeni anakata 20, 40, 60 na 80. Ukizijumlisha unapata kazi ya siku mbili kamili. Kilichopotea ni kazi ya siku mbili kwa kila mgeni, mara moja kwa msimu. Hiyo ndiyo gharama yote. Mlipe siku hizo nne kwa kutwa, malipo kamili, na kipande kianze siku ya tano. Hatakimbilia shamba la jirani, kwa sababu kwako amelipwa kwa kutwa na kwa jirani angelipwa kwa alichokata huku akiumia. Linganisha gharama hiyo na siku moja ambayo kikosi kizima kinasimama kwa ajili ya mtu aliyeanguka, gari linatolewa kwenye kazi ya majani, na msimamizi anashinda hospitali.

Kuhusu wazee wetu, walivumilia mengi, na wengi wao waliondoka mashambani wakiwa wamechoka miili wala hakuna aliyekaa kuandika nani alikufa kwa nini. Sitaki uvumilivu wao uwe ndio sababu ya kumnyima kivuli mjukuu wao.

Lipo jambo jingine ambalo mwenye shamba anapaswa kulijua. Huko Amerika ya Kati, katika nchi kama Nicaragua na El Salvador, wakata miwa vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu wamekuwa wakifa kwa figo kushindwa kazi. Kazi nzito ya kipande katika joto, siku baada ya siku bila maji ya kutosha, imeonekana kuwa sababu kubwa, na pale mashamba yalipoweka mapumziko ya lazima, vivuli vya kuhamishika na maji, madhara ya figo yalipungua. Mkata mkonge na mkata miwa wanafanya kazi za kufanana: kuinama, kukata, kufunga na kubeba, chini ya jua moja.

Mama wa palizi

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Mimi nimepalilia mkonge miaka mingi huku Mkinga, na sasa ni kiongozi wa wanawake wa kikosi. Mnazungumza habari ya maji kana kwamba tatizo ni kuyaleta. Maji yanaletwa. Dumu linawekwa barabarani, mwanzo wa shamba, na anayepalilia mstari wa kati huliona kwa mbali tu. Akienda kunywa na kurudi, wenzake wamemwacha na kipande chake kimepungua, kwa hiyo hunywa asubuhi na hunywa tena akimaliza.

La pili ni gumu kulisema, lakini nitalisema. Sisi wanawake tunajizuia kunywa kwa sababu hakuna pa kujisitiri. Mkonge si msitu. Umekaa mstari kwa mstari na mtu anaonekana toka mbali. Ukinywa kikombe kila baada ya muda, utakwenda haja wapi? Mjamzito ndiye anayepata taabu kuliko wote, na ndiye anayekunywa kidogo kuliko wote. Mwishowe wenye shamba letu wakaleta choo cha kubebeka cha turubai na mbao, chenye shimo fupi linalofukiwa kila kikosi kinapohama, na tangu hapo ndoo ya maji inarudi tupu. Kaka msimamizi, kabla hujaongeza madumu, waulize wanawake wako wanajisitiri wapi.

Mvuna chumvi, Bagamoyo

Nimefurahi kuiona mada hii, maana sisi wa mashamba ya chumvi huku Bagamoyo hatuna pa kulikimbia jua. Chumvi inataka jua kali na upepo ili maji ya bahari yakauke kwenye vidimbwi, kwa hiyo msimu wa mavuno ndio huo huo wa joto kali, na weupe wa chumvi hulirudisha jua usoni, mtu anachomwa juu na chini. Nitaeleza tunavyofanya, nawe uchukue linalokufaa.

Tunaanza saa kumi na moja alfajiri na kuacha saa nne. Wanaotaka hurudi saa kumi jioni hadi magharibi. Kati ya hapo hakuna anayekwangua chumvi, hata kama gari la mnunuzi linasubiri. Kivuli chetu ni banda la makuti lenye nguzo nne, jepesi, watu wanne hulibeba na kulihamisha kila tunapobadilisha vidimbwi, kwa sababu tulijifunza kwamba kivuli kilicho mbali ni sawa na kutokuwepo. Watu hupangwa wawili wawili, mgeni na mwenyeji, na mwenyeji ana kazi ya kumsemesha mwenzake kila mara. Mgeni akianza kujibu kwa mkato au kukaa kimya kuliko kawaida yake, anatolewa juani bila kuulizwa kama yuko tayari. Nasema bila kuulizwa kwa makusudi: aliyezidiwa na joto daima atakwambia yuko sawa.

Kuhusu Ramadhani, tulimwomba sheikh wa msikiti wetu aje kazini kabla ya mwezi kuanza, azungumze na watu hapo hapo kwenye banda. Alieleza kwamba mwenye kazi nzito hula daku na kutia nia ya kufunga kama kawaida, lakini akifikia hali ya kuhofia kudhurika anaruhusiwa kufungua, na atailipa siku hiyo baadaye. Maneno haya yakitoka kwa msimamizi hayana uzito, tena yanaweza kuleta fitina. Yakitoka kwa sheikh, kijana hufungua bila kujiona amewaangusha wenzake. Mavuno tuliyahamishia usiku baada ya tarawehe na alfajiri baada ya daku, kwa taa, na mchana zikabaki kazi za kivulini kama kushona magunia. Wakristo waliomo kikosini walifuata ratiba ile ile, na hakuna aliyelalamika kwa kuondolewa kwenye jua la adhuhuri.

Swali langu kwa tabibu: sisi huwa tunalamba chembe ya chumvi na kunywa maji juu yake, tukiamini inarudisha nguvu. Je, ni sahihi? Na madafu je?

Tabibu, Tanga mjini

Kulamba chumvi kavu nakusihi muache. Huchafua tumbo, huleta kichefuchefu, na mtu akitapika amepoteza zaidi ya alichoingiza. Chumvi ya kutosha hupatikana katika chakula, kwa sharti kwamba mtu amekula, na hapo ndipo pana tatizo, kwa sababu wengi huingia kazini na kikombe cha chai ya rangi tu. Uji wenye chumvi kidogo, muhogo na samaki, wali na maharage, vyote vinafaa. Anayetoka jasho kwa saa nyingi anaweza kutumia maji ya ORS, au kuyatengeneza kwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, bila kuzidisha chumvi. Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linaondoa sodiamu zaidi, kwa hiyo yawe kinywaji cha nyongeza pamoja na chakula. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye chupa sivishauri kazini.

Kiasi cha maji ni kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, kabla kiu haijaja. Kwa saa moja hiyo ni kama lita moja, na mtu asizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi mno huipunguza chumvi ya damu na hilo nalo huua. Kwa mwenye kufunga hesabu hiyo haiwezekani mchana, na ndiyo maana mpango wa Bagamoyo wa kuhamisha kazi nzito hadi usiku ni bora kuliko ushauri wowote wa kunywa maji mengi wakati wa daku, ambayo kwa sehemu kubwa yatakuwa yametoka kabla ya saa nne.

Mama wa palizi amesema jambo ambalo sisi wa afya hulisahau, nami namshukuru. Nikiri pia kwamba wanawake ninaowatibu kwa maambukizi ya njia ya mkojo nitaanza kuwauliza wanafanya kazi wapi.

Msimamizi wa Muheza

Shukrani zangu kwenu wote, na kwako mama shikamoo. Nimekaa na karani tukapiga hesabu. Kikosi kina watu 30. Kwa lita moja kwa saa na saa sita za kazi tunahitaji lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20, na hadi leo tulikuwa tukipeleka matatu. Trekta linaloleta matela linaweza kuyabeba na kuyashusha katikati ya mistari, madumu matatu kila zamu, bila safari ya ziada. Turubai lipo stoo, sasa litakaa kwenye tela pamoja na madumu mawili yasiyoguswa. Wenye shamba wamekubali kuwalipa wageni kwa kutwa siku nne za mwanzo, kwa majaribio ya msimu huu. Kuhusu choo cha kubebeka bado wanavutana juu ya nani atakihamisha, lakini mbao nimeshaziomba kwa fundi wa korona.

Limebaki la kijana. Anasema amepona, anakula vizuri, na maumivu ya mwili anatuliza kwa vidonge vya diklofenaki alivyonunua duka la dawa. Aje Jumatatu?

Tabibu, Tanga mjini

Jumatatu asije shambani, aende hospitali. Mtu aliyechanganyikiwa kwa joto anahitaji kupimwa damu kuangalia figo na ini, pamoja na mkojo, kwa kuwa misuli iliyoumia huweza kuziba figo siku kadhaa baada ya yeye kujisikia mzima. Akiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, asingoje hata hiyo Jumatatu. Diklofenaki aiache leo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na kwa mtu aliyekaukiwa maji zinamaliza kazi ambayo joto liliianza. Naomba uwaambie na wakataji wengine, kwa sababu najua wengi huzimeza asubuhi ili mgongo usiwasumbue.

Vipimo vikiwa vizuri, apumzike siku zisizopungua saba tangu tukio, kisha aanze upya kwa asilimia 20 kama mgeni wa siku ya kwanza, kwa malipo ya kutwa kama wenzake, na awekwe mstari wa jirani na yule mwenzake aliyemwona akikata majani ya moyo. Aliyewahi kupatwa mara moja hupatwa kwa urahisi zaidi mara ya pili.